Kalamay ya Harusi ya Bunso

Indang, Cavite, Ufilipino
14 Februari 1993

Bunso wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta umeshiba na hujalowa. Sisi huku hatujambo, mbwa hajambo, na paa linavuja palepale unapopajua.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Kwa hiyo unaoa! Nilishaanza kuamini utazeeka na meli. Halafu unaniambia bibi harusi ni Mwalimu Vina, yule wa hesabu, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Yaani wewe Bunso, kitindamimba wetu, umezunguka bandari zote za dunia, ukaja kumpenda mtu ambaye nikiwa jikoni namsikia akipiga mswaki? Sina neno naye. Ni msafi kupita kiasi tu, kila akigusa kitu ananawa, na akicheka anacheka kwa kubana matumizi. Lakini utakayekaa naye ni wewe, si mimi. Ingawa wewe utakuwa baharini, kwa hiyo nitakayekaa naye ni mimi. Hilo nalo nimelifikiria.

Tarehe ishirini na saba Novemba nimeizungushia duara kwenye kalenda ya kanisa. Kalamay yetu tamu ya unga wa mchele, tui na sukari nitasonga mimi, usije ukamwomba mtu mwingine. Mama yetu Nanay, alipokuwa kitandani siku zake za mwisho, aliniambia, "Luring, huyu mdogo akioa, msongee wewe," nami nikamwambia nitasonga. Na taratibu zetu unazijua: mkubwa wa kike wa nyumba ya bwana harusi ndiye anayeushika mwiko, na akishaushika hauachii mpaka kalamay iive na kushikana. Akiachia, ndoa nayo haishikani. Nanay alimsongea kaka yetu Ambo huku mwenyewe ana homa, na mpaka leo Ambo na mkewe wanagombana kila siku na hawaachani.

Kuna jambo moja dogo. Mkono wangu wa kulia umeanza ujeuri. Nashika kikombe, chenyewe kinashuka. Juzi ilikuwa sahani ya Nanay yenye maua, jana mfuniko wa sufuria, ukabingirika mpaka barabarani na mbwa akaufukuza. Ni pasma tu. Nilipiga pasi nguo za kanisa mchana kutwa, nikajisahau nikanawa kwa maji ya baridi mikono ikiwa bado na moto, baridi ikaingia kwenye mishipa. Sasa naikinga isiguse maji. Na baridi ya mwaka huu si mchezo, mwenzio natembea na sweta hata jikoni. Kwaya wamenihamishia upande wa wanaume kwa sababu sauti imeshuka, na Mang Isko wa dukani ananiita padri. Acha wacheke.

Kula vizuri, usilale na nywele mbichi.

Dada yako,
Ate Luring


Bandari ya Santos, Brazili
27 Machi 1993

Kwa Ate wangu,

Nakuamkia kwa desturi yetu na kuuweka mkono wako kwenye paji la uso wangu, huo huo wa kulia wenye ujeuri. Mimi ni mzima. Meli ni nzima. Mpishi tu ndiye anayelalamika tumbo, lakini hilo ni kosa la mapishi yake.

Ate, mambo ya sahani kuanguka sikuyapenda. Unajua safari hii nimepewa ufunguo wa sanduku la dawa, kwa hiyo mimi ndiye daktari wa hapa mpaka tufike nchi kavu. Usicheke. Nina kitabu kinene kuliko misale ya padri, na nimefungua mahali palipoandikwa "Udhaifu wa kushika". Nimesoma usingizi ukaniruka. Sikiliza.

Kwanza kabisa, kiharusi. Simama mbele ya kioo, tabasamu, uone kama mdomo unapinda. Nyanyua mikono yote miwili, ufumbe macho, uone kama mmoja unashuka. Ukiona hivyo usimalize hata kuisoma barua hii, kimbilia hospitali. Pili, pingili za shingo zinaweza kuubana mshipa wa fahamu. Je, shingo inauma, maumivu yanateremka begani? Tatu, kisukari. Je, unakojoa sana, una kiu, sisimizi wanajaa chooni? Nne, baridi yabisi ya viungo. Vidole vinavimba asubuhi? Tano, mfupa uliowahi kuvunjika ukaunga vibaya. Ulianguka kwenye mti wa santol ulipokuwa msichana, usidhani nimesahau, wewe ndiye uliyenisimulia. Sita, mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Hapo kitabu kinauliza ni vidole gani hasa vinavyokufa ganzi. Saba, ukoma. Nimekiweka hicho kitabu chini nikanywa maji.

Pasma haimo. Nimetafuta toka mwanzo mpaka mwisho.

Nijibu maswali yote, halafu nenda kwa daktari wa kweli. Vina namwandikia leo leo. Msalimie, na ujaribu kumpenda, hata kidogo kidogo.

Mdogo wako,
Bunso


Indang
30 Aprili 1993

Bunso, daktari wa samaki,

Hatujambo, na wewe usijambo hivyo hivyo. Mpe pole huyo mpishi. Najua ulishamwambia ni ugonjwa wa moyo.

Haya, majibu. Nilitabasamu mbele ya kioo cha kabati. Mdomo haukupinda, ila nilijiona nimenenepa uso, mashavu kama andazi la siopao, na ninachokula siku hizi hata kuku hakimshibishi. Nikanyanyua mikono na kufumba macho sebuleni, na jirani yetu Aling Sepa akaingia bila hodi akadhani nimepandwa na roho, akapiga magoti pembeni yangu tukasali wote. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Mikono haikushuka. Shingo haiumi. Sisimizi wa chooni hawapo, wako kwenye sukari kama sisimizi wenye akili. Mti wa santol niliangukia makalio, wala si mkono, na ukimsimulia Vina nitakukana.

Ganzi ni kidole gumba, cha shahada na cha kati. Cha pete nusunusu. Kidole cha mwisho ndicho pekee chenye adabu katika mkono mzima, hakijawahi kunisumbua. Wenzake alfajiri wananiamsha kwa kuwaka moto, mpaka nikung'ute mkono kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Lakini dawa ninayo. Vifundo vyote viwili nimevifunga vitambaa, nimekaza hasa, ili baridi isipate pa kupenya. Sifungui hata kulala. Toka mchana mpaka asubuhi maji siyagusi. Aling Sepa anasema niloweke mikono kwenye mkojo wangu mwenyewe, wa moto, asubuhi. Nimemwambia kwanza aanze yeye.

Sasa nikuambie la kweli, usimwambie mtu. Jumapili ilikuwa ubatizo wa mjukuu wa kapteni wa mtaa, nikabeba sufuria ya tui la nazi kupitisha uani. Mkono ukafunguka wenyewe. Sikujikwaa, sikusukumwa, ulifunguka tu, na tui lote likamwagika kwenye viatu vya watu. Halafu nikasikia mmoja anamwuliza mwenzake, "Na harusi ya Novemba, atasonga nani?" Bunso, niliinama nikawa nafuta sakafu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Ule mwiko mwishoni unakuwa mzito kama unakoroga lami, unaujua. Nisipoweza, nitamwambia nini Nanay?

Vina alikuja na ndizi. Akauona mkono, akaniambia niende hospitali. Nilijifanya siku hizi sisikii vizuri, akarudia kwa sauti kubwa ya darasani.

Mwandiko umepinda kwa sababu kalamu ni mbovu.

Ate Luring


Rotterdam
2 Juni 1993

Kwa Ate,

Salamu na heshima. Mimi mzima, ila nina wasiwasi hadi naweka chumvi kwenye kahawa.

Fungua hivyo vitambaa! Fungua sasa, halafu endelea kusoma. Kidole chako chenye adabu kimesema kila kitu. Kitabu kinaeleza kwamba mshipa unaopita katikati ya kifundo cha mkono unakwenda kwenye gumba, shahada, cha kati, na nusu ya cha pete. Cha mwisho kina mshipa wake pembeni. Kwa hiyo mshipa wako wa katikati umebanwa, na wewe juu yake umeongeza kamba. Ni kama mtu amekanyagwa mguu, wewe unakuja kumsimamia juu ya mguu huo huo umpe pole.

Kwa nini umebanwa, hapo kitabu kinasema sababu ni nyingi, nami ndipo ninapochanganyikiwa. Daktari, Ate. Tafadhali.

Na kuhusu Novemba, usijitese. Nimewaza. Manila kuna duka linatengeneza keki za ghorofa, zenye nguzo na njiwa wa sukari. Tunaagiza moja, watu wanakula, kila mtu anafurahi, wewe unakaa kwenye kiti umevaa gauni zuri. Nani atakumbuka kalamay?

Mdogo wako,
Bunso


Singapore
19 Julai 1993

Ate,

Natumaini u mzima, na safari hii sisemi kwa mazoea. Tumepita bandari mbili na hakuna barua yako. Vina naye ananiandikia kwamba "Ate anaendelea", bila kusema anaendelea na nini.

Kama ni ile keki, nimekosa. Sikujua ninachosema. Wale njiwa wa sukari nawafuta.

Jana nilipiga simu dukani kwa Mang Isko nimtume akuite. Akapokea mwanamume mwenye sauti nzito, nikamwambia naitaka familia ya Luring, akanijibu, "Bunso! Bunso!" Nikashtuka. Mwanamume gani hapo mtaani ananiita Bunso? Nikajua nimekosea namba, nikakata, na kadi ya simu ikawa imekwisha.

Ni nani huyo mwanamume? Yuko nyumbani kwetu? Umeolewa?

Niandikie hata mstari mmoja.

Bunso


Indang
22 Agosti 1993

Bunso,

Mkono ni wa Vina, mdomo ni wangu. Nimemwambia aandike kila ninachosema, neno kwa neno, asirekebishe.

(Nimekubali kuandika. Kutorekebisha sikuahidi. – Vina)

Hatujambo. Yule mwanamume ni mimi, mjinga wewe! Mimi dada yako niliyekuogesha! Nilikuwa dukani kununua chumvi, Mang Isko akaniambia pokea hiyo simu, nikaisikia sauti yako, machozi yakanitoka, nakuita Bunso, Bunso, nawe unanikatia! Dukani walicheka mpaka Mang Isko akakaa chini.

Sikukuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni keki. Ile keki ilinikaa kooni. Ya pili ni kwamba kalamu ilishanishinda. Nilijaribu, ikawa inalala vidoleni kama mlevi. Nilikaa mezani nikaandika "Bunso wangu" na hata mimi mwenyewe sikuweza kuisoma.

Hospitali nilikuwa siendi kwa sababu niliogopa. Hilo liandike hivyo hivyo, Vina. Nilifikiri wataniambia mkono umeshakufa, na mtu akishaambiwa hawezi tena kujifanya hajui.

Basi nikamwendea huyu mchumba wako, nikamwomba aniandikie barua. Akaniambia, "Nitaandika, Ate, lakini kwanza twende hospitali." Nikamwambia ana roho ngumu kama chaki. Akasema, "Ndiyo, Ate, nakusubiri hapa mlangoni." Na kweli akasubiri, kwenye jua, na mwavuli wake, mpaka nikaona aibu mbele ya majirani.

(Hakusema chaki. Alisema kitu kingine. – Vina)

Daktari ni mwanamke, Daktari Sarmiento, mdogo lakini ana macho. Akanigonga kifundo cha mkono kwa kidole kimoja, hivi tu, nikaruka kama nimeshika waya wa umeme. Cheche zikaingia kwenye vile vidole vitatu. Akaniambia mshipa umebanwa. Nikamwambia mdogo wangu alishasema, ni daktari wa meli. Akaniuliza umesomea wapi. Nikabadilisha mazungumzo.

Nikadhani tumemaliza. Daktari mwenzako akaweka kalamu chini, akaniangalia sana, akaniuliza, "Mama, hilo sweta ni la nini?" Bunso, ni Agosti. Vina alikuwa anajipepea kwa jalada la faili. Nikamwambia ni pasma, baridi imeniingia mwilini. Hakucheka. Akaniuliza sauti imeanza lini kuwa nzito. Nywele zinatoka? Unasinzia mchana? Umenenepa bila kula? Choo je? Nikamjibu yote, na la choo pia, na Vina pale pale anasikia, sasa hakuna siri yangu asiyoijua. Akanishika shingo kwa mbele, akaniambia nimeze mate. Halafu akanitoa damu ikapelekwa Manila.

Jibu limekuja juzi. Shingoni tuna tezi kama kipepeo, ndiyo inayochochea moto wa mwili mzima, na yangu imekuwa mvivu. Ikilala hiyo, mwili wote unapoa na kuvimba kidogo kidogo, hata njia ya mshipa kwenye kifundo inajaa, mshipa unakosa nafasi. Misuli nayo inalegea. Sweta, sauti, mashavu, mkono, vyote ni mtu mmoja amevaa kofia tofauti! Na mimi kila alipopita nilimwita pasma. Vile vitambaa aliviangalia, akaomba mkasi.

Nakunywa kidonge kila asubuhi kabla ya chakula, na usiku nalala na gango linaloushika mkono usipinde. Nikamwuliza, "Nitaweza kusonga kalamay Novemba?" Akaniambia mkono utarudi lakini hauna haraka, unaweza kuchukua miezi kadhaa, na ikishindikana kuna upasuaji mdogo. Akasema hawezi kuniahidi Novemba. Nilipenda asiniongopee, lakini njiani nilikuwa kimya.

Vina pia alikuwa kimya. Ni mtu mzuri wa kukaa naye kimya. Hilo usiandike.

(Nimeandika. – Vina)

Ate Luring


Durban
25 Septemba 1993

Kwa Ate wangu na kwa mkono wake mpya, Mwalimu,

Heshima zangu kwenu wote wawili. Nimeisoma barua yenu mezani nikacheka kwa sauti, kisha nikalia kidogo, mpishi akaniletea supu bila kuombwa.

Tezi! Imo kitabuni, Ate. Ukurasa uliofuata ule wa ukoma. Ningefunua ukurasa mmoja zaidi badala ya kwenda kunywa maji, tungeokoa miezi mitano. Ufunguo wa sanduku la dawa nitamrudishia nahodha.

Sasa nataka kusema jambo, na nalisema mbele ya Vina kwa sababu najua ndiye atakayekuandikia jibu. Tukiahirisha harusi mpaka mwezi wa pili au wa tatu, mkono utakuwa umepona. Mimi nimesubiri hadi nikaota kipara, miezi mingine mitatu hainiui. Sitaki kuoa huku wewe umejificha chumbani unalia. Kalamay ya mtu mwingine sitaki, na keki nilishasema nimekosa. Amueni ninyi wawili, nami nitafuata.

Tunafika Manila kati ya tarehe kumi na nane na ishirini Novemba, bahari ikitaka.

Bunso wenu


Indang
24 Oktoba 1993

Bunso,

Uone huu mwandiko. Ni wangu! Unatetemeka kama wa mtoto wa chekechea lakini hakuna aliyenishika mkono. Nimepumzika mara nyingi, barua hii nimeianza tangu jana.

Sweta nimelifua nikalifungia. Sauti inarudi, ingawa wanaume wa kwaya wamenizoea, wanasema nisiondoke. Vidole haviwaki tena alfajiri. Cha kati bado ni kizito.

Harusi haiahirishwi. Nguo zimeshonwa, nguruwe amenenepa, na mwanamke wa umri wa Vina huwezi kumwambia asubiri kwa ajili ya mkono wa wifi. Yeye alisema tusubiri. Alisema mara tatu. Nikamwambia akisema mara ya nne nitamtafutia bwana mwingine mwenye nywele.

Nimejaribu na kikaango kidogo. Ikiwa bado nyepesi nasonga vizuri kabisa, naimba. Ikianza kushikana, hapo mkono unachoka na kufunguka. Jana ulifunguka mwishoni mwishoni, karibu na kuepua. Nilikula ile kalamay peke yangu, kwa kijiko, kwa hasira. Ilikuwa tamu lakini nimeshindwa nayo.

Ila nitaushika. Wewe njoo tu. Usije na kitu chochote chenye njiwa.

Ate Luring


Indang
13 Februari 1994

Bunso wangu,

Salamu kutoka kwetu sisi wawili. Hatujambo. Vina yuko shuleni, ndiyo maana naandika sasa. Natumaini bahari inakutunza, na kwamba mpishi mpya anajua tofauti ya chumvi na sukari.

Kwenye barua yako umeniuliza tena kwa nini mkeo alichelewa kanisani siku ile. Unasema kila ukimwuliza anakujibu ni msusi wa nywele. Unasema ulisimama pale mbele umeloa jasho, padri anaangalia saa, ninong wako, baba yako wa ubatizo, anakupigapiga bega, na wewe moyoni ukasema basi, amebadili mawazo. Nilikuona nilipoingia. Ulikuwa mweupe kuliko mishumaa. Yeye aliniomba nisiseme kwa sababu hakutaka watu waniseme. Nimevumilia mpaka nimeshindwa. Sikiliza.

Asubuhi ile wewe uko kwa ninong wako unavaa, mimi niko uani na kikaango kile kikubwa cha Nanay. Wanawake wote wa mtaa wamenizunguka, Aling Sepa akiwa mbele kabisa, na hakuna anayeangalia kalamay, wote wanauangalia mkono wangu. Nilianza vizuri. Tui likachemka, unga ukaingia, nikasonga, nikaimba. Ikaanza kuwa nzito. Nikaongeza mkono wa kushoto, lakini unajua wa kushoto haukuwahi kufundishwa kazi. Ikazidi. Nikaacha kuimba. Hakuna aliyeweza kunisaidia, maana mwiko haushikwi na wasio wa nyumba yetu, na mke wa Ambo mguu ulikuwa kwenye plasta. Nilianza kumwomba Nanay msamaha kimoyomoyo.

Ndipo akaingia Vina, amevaa nguo nyeupe, na shela, yuko njiani kwenda kanisani. Alikuja kuniaga. Akainama auchukue mkono wangu auweke kwenye paji la uso, na mkono uko kwenye mwiko, siwezi kumpa. Basi akainamisha kichwa yeye, akaligusisha paji lake la uso pale pale kwenye mkono, juu ya moshi. Na alipougusa akahisi unateleza. Akaiweka mikono yake miwili juu ya wangu, akaibana, tukasonga.

Nikamwambia, "Toka, utachafua nguo." Akaniambia, "Songa, Ate." Nikamwambia, "Watu wanakusubiri kanisani." Akasema, "Ukiachia wewe ndipo na mimi naachia." Yule mtu wa kunawa kila saa, Bunso! Tui linamrukia kwenye mikono ya nguo, masizi kwenye shela, jasho linamtiririka na poda yote inashuka nayo. Na alikuwa anacheka. Anacheka kweli kweli, bila kubana matumizi.

Aling Sepa akasema, "Lakini huyu bado si wa nyumba hii, hawajafunga ndoa." Nikamwambia, "Ni wa nyumba hii kuanzia sasa, na wewe ni shahidi, piga magoti kama kawaida yako."

Hatukuachia mpaka ikaiva. Ikashikana, Bunso, ikawa inang'aa, mwiko ukasimama wenyewe katikati. Nilivifungua vidole kimoja kimoja, na vyake vilikuwa vimeacha alama juu ya vyangu. Kisha wanawake wakamfuta uso kwa maji na taulo, wakamkimbiza kanisani ananuka kuni, nawe ukasimama pale unamwangalia kama umeokota dhahabu barabarani. Hukuuliza harufu ni ya nini.

Watu bado wanabishana kama taratibu zimefuatwa au hazikufuatwa. Mimi sibishani. Nanay alisema nimsongee mdogo wangu, na nimemsongea, na sikuachia.

Wiki iliyopita Daktari Sarmiento alinipa kifaa cha kupimia nguvu za mkono, nikakibana, akaandika, akanipa tena nikibane, akacheka. Vidonge naendelea navyo maisha yote, lakini upasuaji hakuna. Jana nimekamua nazi sita peke yangu na Vina amekaa kwenye kiti anasahihisha madaftari.

Kwa hiyo mwandikie mkeo mara kwa mara, barua ndefu, zenye maneno ya maana. Nikisikia umemfanya alie, nakukumbusha tu kwamba mkono wangu umepona.

Dada yako,
Ate Luring